Kazi Iliyotupwa Bondeni

Watiri alikuwa ameinama kwenye shamba lake la nduma, kando ya kijito, aliposikia mawe yakishuka. Hakuinua kichwa mara moja. Tangu lami ianze kuletwa kutoka upande wa mjini Nyeri, kelele hazikuwa zikikoma kule juu: greda lilinguruma, rola lilitambaa, vibarua waliitana kwa miluzi. Lakini mlio huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa mlio wa jiwe kugonga jiwe, mkavu, na mwili wake uliutambua kabla ya akili. Mgongo ukamkaza. Paji la uso likamwasha pale pale ambapo mkanda wa mzigo ulikuwa ukikaa zamani.

Alipogeuka aliona tipa limesimama ukingoni mwa barabara, limeinua tumbo lake, na mawe yakimiminika mteremkoni pamoja na udongo mwekundu. Yaliruka, yakagongana, yakaangusha mgomba, yakaja kulala katikati ya nduma zake. Mengine yalitumbukia kijitoni, maji yakageuka rangi ya damu ya ng'ombe. Kabla vumbi halijatulia, tipa jingine lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma ili limwage.

Waliomwona akipanda mteremko ule, gauni limelowa na jembe mkononi, walidhani ana hasira kwa ajili ya nduma. Nduma hupandwa upya. Watiri alikuwa ameokota jiwe moja na kulipangusa udongo kwa kiganja, akaona uso wake uliopasuliwa kwa nyundo. Alikuwa amelibeba kifuani kama mtu aliyeokota kitu chake njiani.

Barabara ile haikujengwa na mashine. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, watu walipong'olewa mashambani mwao na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Barabara ikajengwa na wanawake. Kengele ililia alfajiri, wakatoka na nyundo, wakavunja mawe ya mtoni hadi yakawa kiasi cha ngumi, wakayabeba kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mwanamke huuweka kwenye paji la uso ili mzigo ukae mgongoni. Hakuna aliyelipwa. Aliyechelewa alichapwa. Mashamba yalikaa bila kulimwa, na watoto wakazoea kulala na maji ya moto tumboni. Wacera, mama mkwe wa Watiri, alianguka na mzigo wake kwenye kona iliyo juu ya kijito, na tangu siku hiyo hakusimama wima tena hadi walipomzika.

Aliyesimama juu yao na kiboko, amevaa koti refu la homugadi, wale askari wa kijiji waliomtumikia mkoloni, alikuwa Wamae. Hakutoka mbali. Alikuwa mtoto wa mwinuko ule ule, aliyetahiriwa pamoja na kaka zao.

Uhuru ulipokuja, watu waliambiwa wasahau yaliyopita, nao wakajifunza kunyamaza. Wamae aliketi kanisani benchi la pili na kuimba kwa sauti nzito. Hakuna aliyekitaja kiboko. Kimya cha kijiji ni kama nyasi, hufunika hata kaburi. Lakini kila masika, barabara za kwingine zilipogeuka tope na malori ya kahawa kuzama hadi ekseli, ile yao ilishika. Udongo wa juu ulichukuliwa na mvua, mawe yakabaki yameshikana kama meno. Watiri akisimama kwenye kona ile na kuona lori la maziwa likipita salama, moyoni alisema: Pita. Pita juu ya mgongo wangu, nao haujavunjika. Hilo ndilo malipo pekee aliyowahi kupata kwa miaka ile, naye alikuwa ameridhika nalo.

Sasa Wamae alikuwa nyapara wa barabara. Alivaa kofia ya sufu na filimbi shingoni, akawaamuru vijana kwa kidole. Watiri alipofika juu akihema, alimkuta ameegemea pipa la lami.

"Mama Ngendo," alisema Wamae, "umeniletea nduma ama umeniletea maneno?"

Vibarua wakacheka. Watiri akauliza kwa nini mawe yanatupwa.

Wamae alimweleza kwa uvumilivu wa mtu anayemsemesha mtoto. Mwenye kazi ni Gicheru, yule tajiri mwenye kampuni ya ujenzi. Greda likichimbua barabara ya zamani hutoa mawe na udongo pamoja, na kuyachambua kunataka mikono mingi. Gicheru ana machimbo yake mwenyewe njia ya Karatina, na serikali humlipa kwa kila mzigo wa mawe mapya yanayotoka huko. Mawe ya zamani hayamfaidi kitu. Kwa hiyo ni takataka, na takataka humwagwa palipo karibu.

"Takataka," Watiri alirudia.

"Hii mawe ni ya mkoloni, mama. Siku hizi tuko na serikali yetu. Ati unalilia mawe ya mzungu?"

"Mzungu hakuvunja hata moja. Aliyeyavunja unamjua, maana ulikuwa umesimama juu yake."

Vibarua wakaacha kucheka. Wamae akatazama upande wa mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu. Kisha akatia filimbi mdomoni na kuipuliza kwa nguvu, ingawa hapakuwa na gari lolote la kuitwa.

Watiri alirudi nyumbani. Jioni alienda kwa Mzee Simeon, kiongozi wa wale waliookoka pale kanisani, mtu mpole ambaye hajawahi kumjibu mtu vibaya. Simeon alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hasira ni hasara, na kwamba shetani huingia kwa mlango ule. Alimshauri amwombee Wamae. Tena mawe ni mawe tu, yote ni ya Mungu, yawe barabarani au bondeni.

Watiri akamkumbusha kwamba Bwana mwenyewe, baada ya kuwashibisha watu nyikani, alitaka vipande vyote viokotwe ili kisipotee kitu. "Na mkate ule ulitoka mkononi mwake bila mtu kutokwa jasho," alisema. "Hivi vyetu vina jasho na damu, Baba. Je, hivi ndivyo angetaka vitupwe?"

Simeon akapendekeza wasali. Walisali, lakini Watiri alifungua macho kabla ya amina.

Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda, na sala yake haikuwa ya kufundishwa na mtu. Alimwambia Mungu kwamba amekasirika, na kwamba hataomba msamaha kwa hilo mpaka aonyeshwe kosa lake. Walitunyang'anya kazi mara ya kwanza, alisema, wakaichukua bila kutuuliza. Nikavumilia, kwa sababu angalau ilikuwa na faida. Sasa wanaitupa. Ukininyang'anya ng'ombe wangu ukamla, umeniibia. Ukimnyang'anya kisha ukamtupa shimoni akaoza, hilo nalo nitaliitaje? Alingoja. Nje mbwa alibweka, basi. Alilala kama alivyokuwa.

Asubuhi alikwenda kwa Kabura. Walikuwa wameolewa mwaka ule ule, wakavunja mawe wakikaa kiti kimoja cha udongo, na Kabura alikuwa na kovu begani ambalo alilifunika kwa shali hata wakati wa jua kali. Watiri alitegemea kuungwa mkono kabla hata ya kumaliza kusema. Kabura aliendelea kupepeta maharagwe.

"Mimi nilipoyaona yakishuka nilisema asante Mungu," alisema.

Watiri alidhani hakusikia vizuri.

"Mama Ngendo, kila nikipita ile barabara miguu yangu inajua. Nikienda soko, nikienda kanisa, nakanyaga ile siku. Wacha yazikwe. Wangeniita mimi ningeleta koleo."

Waligombana asubuhi nzima, sauti zikipanda hadi kuku wakatoka jikoni. Kabura alimwambia kwamba anapenda pingu zake. Watiri alimwambia kwamba aibu si yao. Aibu ni ya mwenye kiboko, na yeye ndiye anayefurahi zaidi mawe yakizikwa, kwa kuwa nayo yatazikwa yale aliyotenda. Mikono ilikuwa yetu, alisema. Walitulazimisha, ndiyo, lakini kazi ilikuwa nzuri, na hakuna mtu aliyeifanya iwe nzuri ila sisi. Ukiitupa kazi yangu, umesema hata mimi sikuwapo.

Kabura akaweka ungo chini.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Si kwa ajili ya mawe. Ni kwa sababu ukienda peke yako utampiga mtu na jembe."

Na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo watu wa sehemu zile tu wangeweza kulifanya. Tangu uhuru, hapakuwa na kitu kilichojengwa pale ila kwa mikono ya watu wakiitana. Shule ilijengwa hivyo, josho la ng'ombe likajengwa hivyo, kanisa pia, na nyumba za wanawake zikaezekwa mabati kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kukiwa na shida, dawa ilikuwa moja: iteni wanawake. Watiri akawaita. Aliwaambia kwamba wakiyapandisha mawe hadi kando ya barabara, safi, yaliyochambuliwa, hakuna binadamu mwenye haya atakayeyatupa mara ya pili. Wakubwa wataona, wataaibika, watayatumia.

Wakatoa mukwa walizokuwa wamezitundika jikoni kwa kubebea kuni. Asubuhi yenye ukungu wa mwezi wa saba walishuka bondeni, bibi vizee na wake wachanga, wakayatoa mawe kwenye tope, wakayasuuza kijitoni, wakayapandisha. Waliimba. Wake wachanga walicheka wakiteleza. Wale waliozeeka hawakucheka sana, lakini hakuna aliyelazimishwa safari hii, na hilo lilifanya mzigo uwe mwepesi kiasi fulani. Watiri alipofika juu na mzigo wake wa kwanza alimtazama Wamae usoni na kuumwaga miguuni pake.

Alitarajia ukali. Wamae alisogea kando tu, akawaonyesha mahali pa kulundika pasipozuia magari. Siku iliyofuata aliwaletea pipa la maji ya kunywa. Siku nyingine Gicheru mwenyewe alifika kwa Peugeot nyeupe, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza, akasimama mbele ya lundo na kuwasifu. Alisema nchi hii itajengwa na akina mama. Alisema hiyo ndiyo harambee ya kweli. Akawapa mkate na soda, wake wachanga wakampigia vigelegele.

Watiri hakuula ule mkate. Hakujua kwa nini. Aliona tu kwamba matipa yalikuwa bado yanamwaga, sasa mbele kidogo, na kwamba dereva alipomaliza kumwaga aliwapungia mkono kana kwamba amewaletea zawadi.

Siku ya malipo ya vibarua, Kabura alikuja nyumbani kwa Watiri bila shali. Kovu lake lilikuwa wazi. Mwanawe Mathenge, kijana wa pekee aliyekuwa na kazi katika nyumba ile, alikuwa amefukuzwa pamoja na wenzake wote waliokuwa wakipakia na kuchambua mawe kule machimboni. Wamae aliwaambia kwamba hawahitajiki tena. Wanawake wanaifanya kazi yao bure, tena wanayaosha.

"Walimwambia hivyo," Kabura alisema. "Mbele ya watu. Ati, rudi nyumbani, mama yako amechukua kazi yako."

Alikuwa na mengine. Mathenge alikuwa amewasikia madereva wakichekana. Malori ya kutoka machimbo ya Gicheru yalikuwa yameacha kuja, lakini mkaguzi wa serikali aliambiwa kwamba mawe yanayotandazwa ni yale mapya ya kutoka huko. Kilichotupwa kama takataka kilipandishwa na wanawake, kikaoshwa, kikauzwa kwa serikali kama kitu kipya. Na sehemu ya barabara iliyobaki, ile ya kuelekea juu, Gicheru alikuwa ameagiza iendelee kumwagwa bondeni hivyo hivyo, pamoja na udongo wake, kwa sababu sasa alijua itapanda yenyewe.

Watiri alikuwa ameyavunja mawe hayo kwa kuchapwa. Sasa alikuwa ameyabeba tena kwa hiari yake, akiimba, na waliomtazama walikuwa wakicheka. Na yeye ndiye aliyewaita wengine.

"Niseme nini, Mama Mathenge?" aliuliza.

"Usiseme," Kabura alijibu. "Mkaguzi anakuja Jumatatu."

Jumatatu wanawake walifika mapema, lakini bila mukwa. Walipanda juu ya lundo la mawe, kubwa kama nyumba, wakaketi. Walipoambiwa washuke, hawakushuka. Wamae aliwabembeleza, akawatisha na chifu, akawabembeleza tena. Aliuliza ni nani aliyewatia wazimu. Bibi mmoja asiye na meno alimjibu kwamba safari hii anaweza kwenda kuleta kiboko, kama bado anakumbuka alikokiweka. Wamae akageuka na kwenda kusimama upande wa pili wa greda.

Mkaguzi alikuja na Land Rover ya serikali. Aliitwa Mutahi, kijana wa kutoka Karatina, mwenye miwani na viatu vilivyoliwa na kokoto. Gicheru alikuwa amefika kabla yake na kumpokea kwa mikono miwili. Alimweleza, huku akicheka, kwamba akina mama wana malalamiko yao ya nduma, kwamba atawalipa kwa wema tu, na kwamba mawe hayo ya machimbo yake yanahitaji kutandazwa kabla ya mvua.

Watiri alishuka kutoka juu ya lundo.

"Mwanangu," alimwambia Mutahi, "hayo mawe hayakutoka machimbo ya mtu. Ni ya hii barabara. Yalitupwa kule chini kama mavi, sisi tukayatoa."

Gicheru alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema mama huyu amechanganyikiwa tangu siku nyingi, maskini, aliumia wakati wa shida. Mutahi aliangalia lundo, kisha bonde, kisha Gicheru. Alionekana kama mtu anayejua ukweli lakini hajui ataushika wapi. Alisema mawe ni mawe, yakishaoshwa yanafanana. Kama kuna mtu aliyeko kazini hapa anayeweza kusema yalikotoka, aseme sasa, mbele ya wote.

Vibarua waliobaki walitazama chini. Madereva waliingia kwenye magari yao. Watiri akageuka polepole mpaka akamwona Wamae, nusu yake imefichwa na gurudumu la greda.

"Wamae," alisema. "Mwambie."

Wamae hakusogea.

"Mwambie yalikotoka. Wewe ulikuwepo yalipovunjwa. Hakuna mwingine aliyekuwepo ila wewe na sisi, na sisi tumeitwa wazimu."

Injini ya rola iligugumia. Kila mtu pale aliyepita umri fulani alielewa alichokuwa akiulizwa. Ili aseme mawe yalikotoka, ilimpasa aseme yeye alikuwa wapi siku hizo. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliwaambia watoto wake kwamba alikuwa mpishi kwenye kambi ya mbali. Mwanawe wa pili alikuwa mmoja wa madereva, ameketi ndani ya tipa, dirisha limefunguliwa.

"Nyapara," alisema Gicheru, na sauti yake haikuwa ya kupendeza tena, "rudi kwa kazi yako."

Wamae alivua kofia. Alikuwa mzee kuliko alivyoonekana akiwa ameivaa. Akafuta uso wote kwa kofia ile.

"Ni ya hawa," alisema. "Waliyavunja hapo mtoni. Wakayabeba. Mimi nilikuwa nimesimama."

Mutahi akamuuliza, kwa upole, alikuwa amesimama akifanya nini.

"Nilikuwa na kiboko," alisema Wamae.

Mlango wa tipa ulifunguliwa na kufungwa kwa kishindo. Mwanawe alikuwa ameshuka, akawa anakwenda zake kwa miguu upande wa Giakanja, bila kugeuka. Wamae alimfuata kwa macho hadi alipopotea kwenye kona.

Watiri alikuwa amengoja maneno hayo tangu ujana wake, naye alidhani yakisemwa atasikia wepesi. Hakusikia wepesi. Alisikia hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo. Yangeweza kusemwa wakati wowote. Yangeweza kusemwa Wacera akiwa hai.

Mutahi hakupaza sauti. Alimwambia Gicheru kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jiwe la barabara ya zamani litakalotoka kwenye barabara. Litachambuliwa pale pale na kurudishwa chini ya lami, na hakuna mzigo wa machimbo utakaokubaliwa mpaka ya zamani yaishe. Yaliyokwisha kutupwa yatapandishwa kwa magari ya kampuni na vibarua wa kampuni wanaolipwa. Gicheru alisema atalipeleka jambo hili kwa wakubwa Nairobi. Mutahi alisema apeleke, naye pia ataandika. Kisha akawauliza wanawake kama sasa watashuka.

Watiri alisema watashuka wakiona tipa la kwanza limeshuka bondeni.

Gicheru, kabla ya kuingia kwenye Peugeot yake, alimnyang'anya Wamae filimbi kutoka shingoni. Alimwambia kwamba kama anapenda mawe ya wanawake hivyo, achukue koleo ayafuate bondeni.

Watu walidhani Wamae angeenda nyumbani. Pengine hakuwa na hamu ya kufika nyumbani siku hiyo. Alichukua koleo.

Basi vibarua waliofukuzwa waliitwa, Mathenge akiwa wa kwanza, wakateremka bondeni na mapauro na makarai. Tipa lilishuka kwa njia ya ng'ombe likirudi nyuma, likichimba tope. Walipakia. Mawe yalipiga chuma cha tipa kwa ule mlio mkavu, na yalipofika juu yalimwagwa mahali yalipotolewa, rola likapita juu yake. Wanawake walisimama ukingoni kwa mstari, shali mabegani, wakitazama. Hakuna aliyeimba. Kabura alikuwa karibu na Watiri na hakusema kwamba amebadili mawazo. Alisema tu kwamba Mathenge anashika pauro vibaya, atajiumiza mgongo.

Watiri alijaribu kusali akiwa amesimama pale. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mawe, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha akafika kwenye jina la Wamae na sala ikakwama, kama gari kwenye tope. Bwana, alisema, usinilazimishe niseme nimemsamehe. Nimeshalazimishwa mengi. Niache nifike mwenyewe, kama nitafika.

Jua lilipokuwa kali Wamae alipanda kutoka bondeni akihema, suruali imelowa tope hadi magotini. Mikono yake, iliyosahau kazi, ilikuwa imechubuka. Vijana walikaa kivulini wakila viazi vyao na hakuna aliyemsogezea nafasi. Alizunguka kidogo kama mgeni sokoni, kisha akaja mpaka pale Watiri alipokuwa ameweka debe lake la maji. Alisimama mbali kidogo.

"Mama Ngendo," alisema, "niko na kiu."

Kabura alimtazama Watiri. Wanawake wote walimtazama. Watiri alichota maji kwa kikombe cha bati, kikajaa, akampa. Hakumpa kwa mkono wa kushoto wala hakumwaga hata tone. Wamae alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, koo likipanda na kushuka, akabaki ameshika kikombe kitupu.

"Siku zile," alianza, "mimi nilikuwa kijana, na ukiambiwa..."

"Nipe kikombe," alisema Watiri.

Alimpa. Watiri akakichota tena, akamrudishia kikiwa kimejaa.

"Kunywa maji, Wamae. Hayo mengine sijayafikia."

Wamae akanywa. Huko chini dereva alipiga honi, tipa lilikuwa tayari kupakiwa. Akaweka kikombe juu ya debe, taratibu kisianguke, akaokota koleo lake na kuanza kushuka.